TAHADHARI: Gereji ya "magari ya spoti" iliyoniandikia ringi za pistoni kwenye injini isiyo na pistoni

Wakuu, hili nimekaa nalo wiki kadhaa nikiona aibu kulisema, maana uzembe mwingine ulikuwa wangu. Lakini juzi nimempita kijana kaegesha Mazda RX-8 kama yangu mbele ya gereji ile ile, boneti iko wazi, anatikisa kichwa kama nilivyotikisa mimi. Nikaona nisinyamaze.

Jina silitaji. Nitaeleza wanavyofanya kazi, ukikutana nao utawajua.

Gari langu lilianza kuwa gumu kuwaka. Likiwaka linatetemeka, nikikanyaga mafuta linakosa nguvu na taa ya injini inawaka na kuzima. Nikalipeleka kwa fundi wangu wa siku zote, mzee aliyeshika magari ya nyumbani kwetu tangu niko shule ya msingi. Akafungua boneti, akatazama, akafunga. "Mwanangu, breki nitakufanyia, bushi nitakufanyia, hata gia boksi nitaishusha. Injini hii siijui. Tafuta anayeijua, nisije nikajifunzia kwako."

Mimi nikaona mzee amechoka. Ndipo nikaangukia kwa hawa.

Bango limejaa picha za Porsche, Ferrari na GT-R. Sakafu inang'aa, vijana wamevaa ovaroli za rangi moja, mteja ana kochi la kukalia. Msimamizi akaniambia, "Sisi magari ya kawaida hatugusi, kaka." Wakati anasema hivyo, nyuma yake kuna pikapu ya kubebea mchanga imeshushwa gia boksi. Niliiona. Nikajiambia labda ni ya bosi.

Wakapima kompresheni, yaani injini inavyoweza kuigandamiza hewa ndani yake. Geji waliyotumia ni ile ile ya magari yote: unachomoa plagi, unafunga mpira, unapiga stata, mshale unapanda na kubaki pale ulipofika. Ukasimama kwenye baa 6 na kitu, baa ikiwa ni kipimo cha mgandamizo. Yule bwana akanisogezea simu yenye jedwali. "Unaona, injini nzima inatakiwa ifike 12. Yako ni nusu. Imekufa." Halafu akauliza kama gari linakula oili. Nikasema ndiyo, naongeza mara kwa mara. Akawageukia wenzake, "Si niliwaambia?"

Makadirio yalikaribia nusu ya thamani ya gari. Akaongeza kwa upole kwamba kama ni mzigo kwangu, yupo mtu wao anayenunua magari "yaliyokufa injini", anaweza kuja leo leo. Nikatoa malipo ya awali ili wafungue injini. Hapo ndipo uzembe wangu ulipo: nililipa kabla sijasoma karatasi.

Usiku ndio nikaisoma. Ringi za pistoni, seti mbili. Kusaga valvu. Gasketi ya silinda hedi.

Kwa asiyeijua RX-8: injini yake ni ya rota. Haina pistoni hata moja, kwa hiyo hakuna pa kuvalisha ringi. Valvu hakuna, hewa na moshi hupita kwenye matundu ambayo rota yenyewe inayafunga na kuyafungua inapozunguka. Silinda hedi utaitafuta mpaka kesho. Kuna rota mbili za pembe tatu ndani ya vyumba vyenye umbo la yai lililobanwa kiunoni, basi. Na si siri ya jana: Mazda ilianza kuuza magari ya injini hizi na Cosmo Sport ya 1967, na RX-8 yenyewe ilitengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012. Mtu anayejiita bingwa wa magari ya spoti hana kisingizio.

Asubuhi nikaenda na gari la kukokota, nikaondoa gari langu kabla hawajagusa bolti. Safari hii nikatafuta mtu ambaye kazi yake ni rota tu. Karakana yake ndogo, haina kochi.

Kwanza alichaji betri. Nilikuwa nimeitesa siku kadhaa kwa kupiga stata, na stata ikizunguka polepole kompresheni inasomeka chini kuliko ilivyo. Akapasha injini moto, akatoa kipimo chake cha rota. Kila rota ina pande tatu, na kila upande una kompresheni yake, kwa hiyo injini hii hutoa namba sita, zikiwa zimerekebishwa kwa mizunguko 250 kwa dakika. Geji ya kawaida hushika namba ya juu tu kati ya tatu na kuzificha mbili. Ina maana inaweza kukuogopesha bure betri ikiwa dhaifu, na inaweza pia kukupongeza wakati upande mmoja umeshakwisha.

Halafu ile 12. Hiyo ni ya injini za pistoni. RX-8 iliyo nzima kabisa husoma karibu kPa 830, yaani baa 8 na kidogo, na kiwango cha chini cha Mazda ni kPa 680. Zangu sita zilikuwa kati ya 720 na 780. Siyo mpya, lakini maiti siyo.

Kuhusu kula oili, jamaa alicheka. Injini hii ina pampu inayopeleka oili ndani ya chumba cha kuchomea makusudi, ili sili (vizibo) zilizo kwenye ncha za rota zisisuguane kavu. Oili isipopungua ndiyo uanze kuwa na wasiwasi.

Ugonjwa ulikuwa koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Zipo nne, zilikuwa zimechoka, na kwenye magari haya ni jambo la kawaida mno. Juu ya hapo, wale wa kochi waliporudisha plagi walizichanganya. Plagi za RX-8 ni za aina mbili: za chini zina herufi L, za juu T, na hazibadilishani nafasi. Koili mpya nne, plagi mpya nne, gari likawaka kwa mguso mmoja. Alinigombeza pia kwa kuendesha siku zile taa inawaka na kuzima, kwa sababu mafuta yasiyoungua huenda kuungulia kwenye katalisti (kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi), katalisti ikiziba joto linarudi kwenye injini, na hapo ndipo injini inakufa kweli.

Sasa msinielewe vibaya, siwachongei mafundi wa kawaida. Matairi, oili ya breki, bushi, betri, ekzosi, vyote hivyo nimerudi kwa mzee wangu na nitaendelea, ingawa nilianza kwa kumwomba radhi. Aliyenitapeli si fundi wa magari yote. Ni fundi wa magari yote aliyepachika bango la bingwa na kutoza bei ya bingwa.

Kwa hiyo kabla ya kuacha ufunguo, muulize swali ambalo jibu lake unalo tayari. Mwenye RX-8 aombe kuonyeshwa kipimo cha rota, kwa macho, siyo kwa maneno. Mwenye BMW M3 ya E46 aulize oili gani na valvu zinafanywaje. Anayeijua injini ile atakutajia 10W-60 na kwamba nafasi za valvu hupimwa na kurekebishwa kwa vipande vya chuma vya unene tofauti. Mwenye Porsche 911 ya 996 au Boxster ya kwanza aulize kuhusu beringi ya IMS, yaani ya shafti ya kati ndani ya injini. Anayejua atazungumza mpaka umchoke. Akikujibu "hayo tuachie sisi", chukua ufunguo wako.

Angalia pia wanavyoinua gari. Langu lina alama ya jeki chini ya mlango wa abiria, bati limeingia ndani, na sikulipeleka pale likiwa hivyo.

Na mkiona mahali wanapokuambia injini imekufa, halafu wanaye mnunuzi tayari, ondokeni na gari hata kama ni kwa kusukuma.

Koili zangu za zamani ninazo, karatasi ya ringi za pistoni ninayo. Malipo ya awali bado hawajanirudishia. Simu wanapokea vizuri tu, ila wakishaitambua sauti yangu mtandao wao unakuwa mbovu ghafla.