Kozi ya Nadharia za Saikodinamiki na Haiba kwa Wanasihi: Nusu Imeiva, Nusu Bado

Kwa wiki 12 nimefuata kozi ya mtandaoni inayowafundisha wanasihi walioko kazini namna ya kuzitumia nadharia za saikodinamiki (zinazoutafuta mzizi wa tabia katika hisia zisizotambulika na mahusiano ya utotoni) na za haiba (tabia za kudumu za mtu) wanapokuwa na mteja. Nilijiandikisha nikiwa nimeshaifanya kazi hii miaka kadhaa, na nilikuwa na swali moja tu: je, nadharia ambazo wengi wetu tulizikariri ili tufaulu mitihani zinaweza kuibadilisha sentensi ambayo mnasihi anakaribia kuitamka? Upande wa saikodinamiki umenijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Upande wa haiba umenirudisha kwenye kukariri kulekule.

Wiki mbili za mwanzo ni historia, na anayeifahamu anaweza kuzipitia upesi. Kuachana kwa Freud, mwasisi wa uchambuzi wa nafsi, na mwenzake Adler mwaka 1911, kisha na mwenzake mwingine, Jung, mwaka 1913. Mgawanyo wa nafsi katika idi (tamaa), ego (sehemu inayokabili uhalisia) na supaego (dhamiri) alioueleza Freud mwaka 1923. Kazi ya binti yake Anna ya mwaka 1936 kuhusu mbinu ambazo nafsi hujikinga nazo. Hatua 8 za makuzi za Erikson: yote yamo, na yote yanasomwa kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Kilichonizindua ni kisa cha Dora, msichana aliyetibiwa na Freud mwaka 1900 na kuiacha tiba ghafla baada ya wiki 11 hivi. Freud alipokichapisha kisa hicho mwaka 1905 alikiri kwamba hakuuwahi uhamishaji, yaani hisia ambazo mteja amezibeba kutoka kwa watu wa maisha yake ya awali na kuzitua kwa anayemhudumia. Mkufunzi hakukifanya kisa hicho hadithi ya kale. Alitutaka kila mmoja amkumbuke mteja aliyewahi kuondoka bila kuaga, kisha aandike ukurasa mmoja kuhusu mtu ambaye huenda mteja huyo alikuwa akimwona kwake. Niliandika ukurasa huo mara tatu, na kila mara nilikuta nimejitetea mimi badala ya kumwelewa yeye.

Kiini cha kozi ni mazoezi ya igizo yanayorekodiwa, wanafunzi sita kwa kila kundi. Katika zoezi langu, mwenzangu aliigiza mteja aliyekosa vikao viwili mfululizo. Aliingia akaketi, akasema, "Samahani kwa kuchelewa. Najua umeshanichoka." Nami nikamjibu papo hapo, "La, sijakuchoka hata kidogo, karibu sana." Mkufunzi alisimamisha rekodi hapohapo akaniuliza, "Hapo umemtuliza nani?" Sikuwa na jibu. Tulirudia, na safari hii nilivumilia kimya cha sekunde chache kabla ya kusema, "Umekuja ukiwa na hakika kwamba nimekuchoka. Hebu tuliangalie hilo." Mwenzangu, aliyekuwa amepewa maelezo ya mhusika wake tu na si maneno ya kusema, alianza kumzungumzia mama aliyekuwa akishusha pumzi kila alipoulizwa jambo, na bosi ambaye siku hizi haulizwi chochote hata pale panapostahili. Kwa dakika nne tukawa tumeuona ule uitwao utatu wa watu, ambao David Malan aliusambaza katika tiba fupi ya saikodinamiki: mnasihi aliye mbele ya mteja, watu wa maisha yake ya sasa, na watu wa zamani, wote wakitarajiwa kutenda jambo lilelile.

Somo lililofuata lilikuwa na thamani zaidi, kwa sababu lilituzuia tusilewe ugunduzi huo. Mkufunzi alisisitiza kwamba kiungo kati ya bosi na mama hupelekwa kwa mteja kama dhana inayoweza kukataliwa, kwa lugha ya "huenda", na kwamba mteja anayeitikia upesi mno pengine anampendeza mnasihi tu. Pia haraka yangu ya kumhakikishia mteja ilichukuliwa kuwa taarifa: mtu huyu huwafanya watu wamkimbilie kwa faraja, na faraja hiyo humfungia mlango wa kusema alichokuja kusema. Nimewahi kusoma kurasa nyingi kuhusu uhamishaji wa upande wa mnasihi, yaani hisia za mnasihi mwenyewe kwa mteja, lakini sikuwahi kuukamata ukitoka mdomoni mwangu. Kozi ilieleza bayana, tena, kwamba mteja aliye katika hatari ya kujidhuru anahitaji usalama kwanza, na kwamba huo si wakati wa kutafsiri utoto wake.

Kutoka hapo tuliingia kwenye haiba, na kozi ikabadilika kana kwamba imeandikwa na watu wengine. Zile sifa kuu 5, yaani uwazi kwa mambo mapya, umakini wa kutimiza wajibu, uchangamfu, ukubalifu na kuyumba kwa hisia, zilifundishwa kama majina ya kukumbuka. Tuliambiwa kwamba mwaka 1936 Allport na Odbert walikusanya karibu maneno 18,000 ya kueleza watu kutoka kamusi ya Kiingereza, kisha tukaendelea mbele bila kujiuliza kamusi ya lugha nyingine ingetoa orodha gani. Neno letu "mpole" peke yake limebeba utulivu, unyenyekevu na huruma, na hizo zinagusa zaidi ya sifa moja kati ya zile 5 kwa mpigo.

Dodoso la Myers-Briggs, linalowagawa watu katika aina 16 za haiba, lilipewa uzito sawa na sifa hizo 5, bila kutajwa kwamba wengi wanaolirudia baada ya wiki chache hupata aina tofauti, wala kwamba watu wengi huangukia katikati ya kila kipimo na si kwenye ncha zake. Dhana ya Adler kuhusu nafasi ya kuzaliwa (kuwa mtoto wa kwanza, wa kati au wa mwisho) nayo ilitolewa kama jambo lililothibitika, ilhali tafiti kubwa zilizochapishwa mwaka 2015 zilikuta athari yake kwa haiba ni ndogo mno. Hakuna hata igizo moja lililoonyesha matumizi, na matumizi yapo. Mteja mwenye alama ya chini katika umakini wa kutimiza wajibu akipewa shajara ya kujaza kila siku, atarudi na kurasa tupu na aibu mpya. Umpe jambo moja, afanye mara moja kwa wiki, mkiwa mmeshakubaliana siku na saa.

Kuhusu huduma yenyewe, video ni safi na rekodi za mazoezi hufutwa kozi inapokwisha, jambo nililolithamini. Maoni ya kazi za maandishi, hata hivyo, huchelewa: ya ukurasa wangu wa Dora yalinifikia siku 19 baada ya kuukabidhi, tulipokuwa tumeshaingia kwenye madodoso. Anayetaka kujiunga ana chaguo la kulipia sehemu ya saikodinamiki peke yake, na hilo ndilo ningelichagua leo, mradi awe na msimamizi wa kitaalamu wa kumpelekea yale yatakayomtoka mdomoni katika vikao halisi, kwa kuwa cheti cha kozi hii hakimpatii msimamizi.