Kliniki ya tiba ya usemi: "Huyu haelewi kitu," na mama anasikia!

Nianze na lililoniudhi, mengine yatafuata. Mama alipata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakapotea karibu yote. Tukaelekezwa kliniki hii. Mtaalamu mkuu akamwuliza jina lake, mama akahangaika, akatoa "mi... mi..." basi. Yule bwana akanigeukia mimi, mama yupo palepale kitini, akasema: "Huyu haelewi kitu. Tutashughulika na misuli ya mdomo."

Mama akafumba macho, machozi yakamtiririka. Kama haelewi kitu, alikuwa analia nini?

Wiki zikapita, kazi ni kupuliza mrija, kutoa ulimi, kujaza hewa mashavuni. Yote mama aliyaweza tangu siku ya kwanza! Anakunywa maji bila kupaliwa. Akianza kuhesabu moja, mbili, tatu, anafika kumi na kila neno linasikika safi. Sala anaisema nzima. Mwonyeshe kijiko umwulize ni nini, hapo anakwama, na hata kwa mkono wa kushoto hawezi kuliandika neno lenyewe. Sasa misuli gani hiyo inayoweza sala ikashindwa na kijiko?

Misuli ikiwa ndiyo tatizo, hiyo huitwa disathria. Amri za ubongo hazifiki sawasawa kwenye midomo, ulimi na koo, kwa hiyo matamshi yanakuwa mazito, na sala ingetoka nzito vilevile. Maneno kichwani yapo, na mtu akipewa kalamu ataandika anachotaka. Kuna apraksia pia: misuli ina nguvu, ila ubongo unashindwa kuipangia mfuatano wa sauti, mtu analikosea neno lilelile kwa namna tofauti kila anapojaribu. Mama ana afasia. Kilichojeruhiwa ni lugha yenyewe, ndiyo maana hata kuandika kumeguswa.

Tena afasia nazo hazifanani. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alichunguza ubongo wa marehemu aliyekuwa akiweza kusema "tan" na machache mengine tu, ilhali alielewa mengi aliyoambiwa. Jeraha lilikuwa mbele, upande wa kushoto. Mwaka 1874 daktari Mjerumani Carl Wernicke akaeleza aina nyingine, jeraha likiwa nyuma zaidi: mtu anaongea mfululizo lakini maneno hayashikani, na kuelewa ndiko kulikoharibika. Haya yanajulikana miaka zaidi ya mia moja, na mtu mwenye cheti ukutani anamhukumu mama kwa swali moja! Angempa picha amwambie aonyeshe, angempa sentensi airudie, angemwambia asome na aandike. Hakufanya hata kimoja.

Siku moja bwana mkubwa hakuwepo, akatupokea dada mmoja kijana. Akamsalimia mama kwanza, kwa heshima, akangoja ajibu kwa kichwa. Akapanga picha mezani: "Mama, nionyeshe cha kukatia." Mama akagusa kisu. Karibu zote akapata. Halafu yule dada akamshika mkono wa kushoto, akawa anaugonga taratibu mezani huku wakiimba pamoja "na-ta-ka ma-ji". Njia hiyo ya kutumia mahadhi ilielezwa na watafiti wa Marekani mwaka 1973. Baada ya muda mama akaomba maji mwenyewe, kwa sauti yake. Nililia mimi safari hii.

Nilikusudia kuandika msiende kabisa. Kwa ajili ya dada huyu nasema nendeni, mkatae tiba yoyote kabla mgonjwa hajapimwa lugha yote: kusema, kuelewa, kurudia, kusoma na kuandika. Nikafikiria nyota tatu.

Lakini nikikumbuka zile wiki za mrija damu inachemka. Miezi ya kwanza baada ya kiharusi ndiyo ubongo hurejea kwa kasi zaidi. Najua nafuu huweza kuendelea kwa miaka, ila muda ule wa mwanzo haurudi, na wa mama ulipotelea kwenye kupuliza. Nilimwambia yule bwana amwombe mama radhi. Akajibu, akinitazama mimi tena, kwamba "hatakumbuka huyo." Nyota moja, na hiyo ni ya yule dada. Mkifika mapokezi, mwulizieni yeye.