Mafuta ya rozimari kichwani, magotini na usoni: uzoefu wangu

Mafuta ya rozimari niliyoyanunua katika duka moja la dawa za asili mjini Mombasa ni yale makali yanayopatikana kwa kukeneka majani kwa mvuke, wala si majani yaliyolowekwa ndani ya mafuta ya alizeti. Haya ya kwanza hayapakwi yenyewe, kwani huichoma ngozi, lakini kibandiko cha kichupa hakikusema lolote kuhusu kuyazimua, na kwa hilo naipunguzia bidhaa hii alama. Mimi hutia matone 6 katika mililita 30 za mafuta ya nazi, yaani takriban asilimia 1, na kwa ngozi ya kichwa huongeza hadi matone 12.

Kichwani ndiko yaliponifaa zaidi: mba umepungua na mwasho wa kati ya misuko umetulia. Kuhusu kuotesha nywele, wauzaji hupenda kuutaja utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ambao ulilinganisha mafuta haya na minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ya asilimia 2 kwa watu wenye upara wa kurithi, na makundi yote mawili yakaonyesha ongezeko la nywele baada ya miezi 6, ilhali katika mwezi wa 3 hapakuwa na badiliko la maana. Wasichokisema ni kwamba nywele zilizokatika kwa misuko ya kubana, kama zangu za panjani, ni habari nyingine, na huko sijaona badiliko.

Magoti yangu huyapenda. Joto jepesi hupanda mara tu baada ya kuchua, likifuatwa na harufu kali ya mkaratusi na karafumaiti, ambayo siku ya kwanza ilimfanya mama aulize kutoka chumbani, “Mwanangu, kuna msiba gani?” Watoto wadogo wasipakwe, hasa karibu na pua, kwa sababu ya hiyo karafumaiti iliyomo.

Usoni sikupata faida ya kueleza. Chunusi zilibaki zilivyokuwa. Tena, dondoo la rozimari lililomo katika krimu nyingi mara nyingi huwekwa ili mafuta ya krimu yenyewe yasichache, kazi ambayo hufanya pia katika vyakula vya Ulaya kwa alama ya E 392. Kwa uso nitaendelea na gliserini, ambayo bei yake ni nafuu zaidi.