Kisomaji cha DNA cha mkononi: nyota nne, ya tano imeliwa na kiputo

Askari wa lango alikitazama kile kidude akaniuliza kama ni chaja. Simlaumu. Hakifiki gramu 100, na kinachomekwa kwenye laptopu kwa waya wa USB, basi.

Utamu uko kwenye floseli, ile kaseti inayovishwa ndani yake. Ina utando uliopachikwa protini zenye vitundu. Umeme ukipita kwenye maji ya chumvi, ayoni, yaani chembe zenye chaji, hupenya vitunduni. Uzi mmoja wa DNA ukiingia, kimeng'enya huudaka na kuuachia kidogo kidogo, kama bibi anayevuta tasbihi, na mkondo wa umeme hupanda na kushuka kufuatana na herufi za DNA (A, C, G, T) zilizo tunduni. Takriban herufi 400 kwa sekunde! Mashine yetu ya zamani hurudufu kila kipande mara nyingi, kisha husoma nakala zake zote kwa pamoja. Hiyo ni kusikiliza soko zima la Gikomba ukiwa ndani ya matatu. Hapa umesimama na muuzaji mmoja, mnaelewana bei.

Tulianza na maziwa lala tuliyogandisha wenyewe, ya ATM ya maziwa ya pale Umoja. Kabla chai ya saa nne haijafika, tulikuwa na uzi wa herufi 41,000 na ushee: wa Lactococcus lactis, bakteria wa kugandisha maziwa. Mwanafunzi wangu alipiga kigelegele.

Sasa kiputo. Miaka 14 nashika pipeti, na bado nilisahau kuvuta hewa kwenye mlango wa floseli kabla ya kusukuma dawa. Kitu kama mbegu ya ufuta kikateleza juu ya utando, na robo ya alama za kijani za kwenye skrini, zinazoonyesha vitundu vilivyo hai, ikazimika. Haikurudi tena. Kosa langu, lakini jamani, kifaa cha bei hii kingenistahi kidogo.

Pia hugugumia: herufi moja ikifuatana mara nyingi, AAAAAAAAA, mkondo hautikisiki, hesabu inapotea.

Stima ilipokatika saa tisa, kiliendelea kwa betri ya laptopu huku wenye mashine kubwa wakitazama dari. Ila feni ililia kama posho mili.

Floseli hukaa kwenye friji, na yetu ililala siku nne uwanja wa ndege ikingoja karatasi. Vitundu vingi vilifika vimekufa. Kabla hujaagiza, tafuta wakala wa forodha anayeshika simu.