Rangi ya kalipa za breki: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukishaweka rimu za alumini kwenye IST au Mark X yako, kalipa, kile kipande cha chuma kinachobana diski, kinajitokeza chote: kutu ya rangi ya chungwa, matope yaliyokaukia, vumbi jeusi la pedi. Hapo ndipo wengi wetu tunapoanza kutafuta rangi. Na wengi tunachagua wekundu kwanza, tunatazama namba ya joto iliyoandikwa kwenye kopo, halafu tunalipa.

Mimi nilianza hivyo hivyo. Miaka mitatu iliyopita nilinunua kopo la kupuliza mjini Arusha, rangi nyekundu, muuzaji akaniambia inafaa popote. Nikapaka uani kwangu Sakina, na ikapendeza kweli. Wiki ya sita nikapeleka gari kubadilisha mafuta ya breki. Fundi alipolegeza kile kiskrubu cha kutolea upepo, mafuta yakatiririka juu ya kalipa, na wekundu ukateremka nayo. Alipofuta, kitambaa chake kikawa chekundu na kalipa ikabaki chuma kitupu. Rangi ile ilikuwa imeshuka mteremko wa Marangu hadi Himo, breki zikiwa moto, bila kubadilika. Vijiko viwili vya mafuta ya breki vikaimaliza.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza dukani ni moja: rangi hii inavumilia mafuta ya breki? Mafuta ya aina za DOT 3 na DOT 4, ambayo ndiyo yamo kwenye magari karibu yote tunayoendesha, yana asili ya glikoli, na huilainisha rangi ya kawaida kama thina. Joto ni swali la pili. Diski ndiyo inayopata moto mkali, mamia ya nyuzi ukishuka mlima mrefu mguu ukiwa kwenye breki. Kalipa hupokea sehemu tu ya moto huo. Fikiria hivi: DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi, na ikishanyonya unyevu wa kutosha huchemka kwenye 140. Kalipa ingekuwa inafika nyuzi 500, mafuta yaliyo ndani yake yangechemka na pedali ingekuwa imezama hadi sakafuni kabla rangi haijapauka.

Ukijua hilo, hutababaishwa na namba. Makopo mengi yanatoka Marekani na joto lake limeandikwa kwa Farenhaiti. 900 ya huko ni kama 482 za Selsiasi, na 500 ni 260 tu. Nimewahi kumwona mtu akirudisha kopo la nyuzi 300 za Selsiasi akachukua la 500 za Farenhaiti, akidhani amepata lililo bora. Tazama herufi inayofuata namba, C au F, kabla hujalinganisha.

Sasa nipange kama ninavyozipanga mimi.

Namba moja ni epoksi ya makopo mawili, ile ya kuchanganya rangi na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, kisha kupaka kwa brashi. Zinazojulikana zaidi ni G2 na Foliatec. Ikishaganda haiyeyuki tena, na mafuta ya breki yakidondoka unafuta tu. Lakini kinachonifanya niiweke juu ya zote kwa watu wa Arusha na Moshi ni brashi yenyewe. Wengi wetu hatuna karakana iliyofungwa. Tunapaka uani, upepo unavuma, vumbi linapita. Rangi ya kupuliza hupeperukia diski, bodi ya gari, hata nguo za jirani kwenye kamba. Brashi inakaa ulipoiweka, na kalipa unaweza kuipaka ikiwa pale pale ilipofungwa. Rangi hizi pia ni nzito kidogo, kwa hiyo hujisawazisha zenyewe na alama za brashi hupotea.

Ubaya wake ni bei, ni ghali kuliko zote, na dukani kwetu huikuti kila siku. Mara nyingi utaagiza Kariakoo ije kwa basi, au nje kabisa. Usimwombe ndugu anayekuja kwa ndege aiweke kwenye sanduku. Rangi inayowaka hairuhusiwi kwenye mizigo ya abiria na atanyang'anywa uwanjani. Jambo jingine, ukishachanganya una saa chache tu, kesho itakuwa jiwe. Seti moja imekusudiwa kalipa nne, wakati IST nyingi zina kalipa mbili za mbele na breki za dramu, zisizo na kalipa, nyuma. Marafiki wawili wenye IST wanaweza kuchangia seti moja, mradi wapake siku moja. Ni hesabu nzuri, na kazi ya watu wawili inakwenda haraka.

Namba mbili ni rangi ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya kalipa, kama ya VHT au Dupli-Color. Ya VHT ndiyo hiyo ya 900 za Farenhaiti. Inakauka haraka, na tabaka tatu nyepesi zinatoka laini kuliko brashi. Utahitaji tepu ya karatasi ya wapaka rangi na magazeti mengi, maana kila kitu kinachoizunguka kalipa lazima kifunikwe. Kuna jambo wauzaji hawalisemi: rangi ya aina hii hupata ugumu wake kamili ikipashwa moto, kama nyuzi 93 za Selsiasi kwa saa moja. Usiingize kalipa kwenye oveni ya kupikia chakula. Iache ikauke usiku kucha, kisha endesha hadi Usa River, mji mdogo nje ya Arusha, na kurudi, ukitumia breki kwa utaratibu. Kabla ya safari hiyo, usiruhusu tone la mafuta ya breki liiguse.

Kama mfuko hauruhusu, chukua rangi ya injini. Hii inapatikana kirahisi zaidi, inavumilia kati ya nyuzi 260 na 288 za Selsiasi kutegemea kopo, na oili na petroli haziisumbui. Mafuta ya breki ni hadithi nyingine. Yakimwagika, mwagia maji hapo hapo na ufute. Kwa gari la kuzunguka mjini, Njiro hadi Kilombero na kurudi, itakaa vizuri. Kwa anayepanda na kushuka Machame kila siku, ningemshauri asubiri miezi miwili apate fedha ya namba mbili.

Rangi ya eksozi iache. Najua kopo limeandikwa 2000 za Farenhaiti na moyo unavutwa. Rangi hiyo haikomai mpaka ipashwe kwa hatua, hadi karibu nyuzi 315 za Selsiasi. Bomba la eksozi linafika huko, kalipa yako haifiki. Kwa hiyo inabaki laini siku zote na kitambaa chenye mafuta ya breki kinaifuta. Namba kubwa imewadanganya wengi hapa.

Rangi ya kawaida ya kupuliza nimeshaieleza. Na vile vifuniko vya plastiki vyenye nembo ya Brembo sitaki hata kuvipanga. Brembo ni kampuni ya Italia iliyoanza mwaka 1961, inatengeneza kalipa halisi. Kifuniko cha kubandika hakiongezi nguvu ya breki, kinazuia hewa ya kupooza, na kikilegea barabarani kinaweza kukwama kwenye rimu.

Kama muuzaji anasisitiza kopo lake ni la kalipa na wewe una shaka, mjaribu kwa kopo tupu la maziwa. Lipige msasa, paka, liache juani wiki moja, kisha dondoshea mafuta ya breki na usubiri dakika kumi. Ukifuta na kitambaa kikatoka na rangi, umejua bila kuchafua gari. Dukani kwenyewe tikisa kopo usikie gololi ndani. Isipocheza, rangi imeganda chini. Tazama pia kama mdomo wa kupulizia una dalili za kutumika.

Fedha nyingine iende kwenye usafi, na hapa sitaki ubane matumizi. Nunua brashi ya waya, msasa namba 120 na 240, na kopo la dawa ya kusafishia breki. Usitumie petroli. Inaacha mafuta juu ya chuma, na mbaya zaidi inavimbisha raba za pistoni, ukajikuta umenunua sili mpya kwa sababu ya urembo. Vumbi la pedi usilipulize kwa kompresa wala mdomo. Lilowanishe, vaa barakoa, kwa kuwa pedi za zamani huenda zina asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Fundi mmoja wa Unga Limited aliwahi kuniambia, "Kaka, rangi haishiki chuma, inashika ulichokiacha juu ya chuma." Nimeyaamini maneno yake kila nilipoona rangi nzuri ikibanduka kama ganda la ndizi juu ya grisi ambayo hakuna aliyeifuta.

Gari likae juu ya stendi, jeki peke yake haitoshi. Ukifungua kalipa, itundike kwa waya, isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Rangi isifike kwenye pedi, uso wa diski, raba, pini za kutelezea wala kile kiskrubu cha upepo.

Msimu nao una nafasi yake. Masika, Machi hadi Mei, usihangaike. Juni na Julai asubuhi za Arusha ni baridi na ukungu, chuma kinatoka jasho; anza saa nne, maliza kabla ya saa tisa alasiri. Moshi kuna joto zaidi na kazi inakauka upesi, lakini mwaga maji uani kwanza vumbi litulie.

Kuhusu rangi yenyewe, nyeusi huficha vumbi la pedi, nyekundu huficha udongo wa njia za Kibosho, na njano inataka kuoshwa kila Jumamosi. Kabla ya kutoka getini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, na ukirudi kutoka Usa River kaza nati za magurudumu tena.