Kitako cha mrija wa Pitot kwa ndege ya kujiundia: chuma safi, maelekezo pungufu

Seti ninayoitathmini hapa ni kitako cha kushikilia mrija wa Pitot chini ya bawa la kushoto la RV-7, ndege ambayo kampuni ya Van's Aircraft ya Marekani huiuza ikiwa vipande ili mnunuzi aiunde mwenyewe. Kitako hiki hakitoki Van's, bali kwa muuzaji mwingine wa huko huko ambaye jina lake naliacha, kwa kuwa nina malalamiko juu yake na seti za namna hii zinafanana sana. Tumekifunga Kisongo, jirani na uwanja mdogo wa ndege wa Arusha, katika karakana ya kawaida yenye jiriwa, drili, tupa na kompresa. Kwa kifupi, chuma chake hakina kasoro, lakini karatasi ya maelekezo imeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye duka la vifaa vya ndege liko mtaa wa pili.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mrija huu kwa karibu, kazi yake ni kuipokea hewa inayoijia ndege kwa mbele na kupeleka kanieneo yake, yaani msukumo wake, kwenye kipima mwendo, ambacho huilinganisha na kanieneo ya hewa tulivu kutoka kwenye tundu jingine na kuonyesha mwendo kutokana na tofauti hiyo. Mfaransa Henri Pitot aliubuni mwaka 1732 akipima mkondo wa mto Seine, na hadi leo umbo lake halijabadilika sana. Kinachodaiwa kwa kitako ni kuuweka mdomo wa mrija mbali na bati la bawa na mbali na hewa iliyovurugwa na pangaboi, uelekee mbele sawasawa, wala usitikisike. Neli ya kawaida ya alumini iliyokunjwa, kama ilivyo kwenye michoro ya asili ya ndege hizi, nayo huifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo sana. Kwa hiyo anayenunua kitako cha namna hii awe na sababu, na sababu ya maana ni kutaka kufunga mrija wa kisasa wenye tundu la pili la kupimia pembe ya bawa dhidi ya upepo, au wenye hita ya kuzuia barafu.

Mguu wa kitako umechongwa kwa alumini, na ukiukata kwa ubapa utaona una umbo la tone, mnene mbele na mwembamba nyuma. Nilipitisha kucha kwenye kingo zake zote na haikukwama popote. Bamba la kuimarisha bati la bawa limekatwa kwa mashine, pembe zake zimeviringwa ili zisizae ufa, na tundu la katikati linaupokea mguu bila kulegea na bila kulazimisha. Sijaona kazi safi kama hiyo katika vipande vingi vya bei ya juu zaidi.

Ufungaji unaanza na hatua inayotisha, nayo ni kutoboa bati zima la bawa ambalo umekwisha kulilipia. Kigezo cha karatasi kilichomo kwenye seti kinasaidia sana: hubandikwa kwenye bati nyuma tu ya boriti kuu, hutobolewa matundu madogo kwa kufuata mchoro, kisha tundu hutanuliwa polepole kwa tupa hadi mguu upite. Kutoka hapo bamba hupigwa ribiti kwenye bati, na upande wake mmoja hushikwa na mstari wa ribiti zinazounganisha bati na boriti. Hapo ndipo uangalifu wote unapotakiwa, kwa sababu boriti kuu ndiyo inayobeba uzito wa ndege angani na haitakiwi kuongezewa tundu ovyo. Kanuni ya mafundi wa ndege ni kwamba kitovu cha tundu la ribiti kisikaribie ukingo wa bati kwa chini ya kipenyo cha ribiti mara mbili, na bamba hili limepimwa vizuri kiasi kwamba kanuni hiyo haivunjwi popote.

Biti zilihitaji kufikiriwa. Ribiti ndogo ni za inchi 3/32, na biti ya milimita 2.5 inayopatikana katika duka lolote la vifaa mjini inazifaa karibu sawasawa. Zile za inchi 1/8 zina shida, maana biti ya milimita 3.2 inabana na ya 3.3 inalegeza kidogo, hivyo ni afadhali kuagiza biti yenyewe ya namba 30 pamoja na seti.

Malalamiko yangu yanaanzia hapo. Karatasi ya maelekezo haitaji hata mara moja kipimo cha milimita, haisemi kwamba skrubu nne zinazoushika mrija zina hesi za inchi ambazo hazipatani na nati za kwetu, na haiweki hata skrubu moja ya akiba. Ikidondoka moja ndani ya bawa isionekane, kazi imesimama hadi mzigo mwingine ufike, na mzigo mdogo kama huo hulipiwa usafiri kana kwamba ni mkubwa. Jambo zito zaidi linahusu neli za alumini zinazotoka kwenye mrija kwenda kwenye kipima mwendo. Viungo vya ndege hutaka mdomo wa neli utanuliwe kwa nyuzi 37, ilhali vyombo walivyo navyo mafundi wetu wa friji, hodari kwa kazi yao, hutanua kwa nyuzi 45. Kiungo cha namna hiyo huonekana kimekaa vyema lakini huvuja, na karatasi nzima haina neno la tahadhari. Muuzaji alipoulizwa alijibu kwa adabu kwamba wateja wake huwa wanavyo vyombo hivyo tayari.

Kuhusu hita, anayeruka kwa kutazama nje kati ya Arusha, Moshi na Manyara asijisumbue. Katika latitudo zetu hewa hufikia nyuzi sifuri kwenye mita 4,500 na zaidi, karibu na kilele cha Meru, na ndege hizi ndogo hazina shughuli huko, achilia mbali ndani ya mawingu. Adui wetu ni nyigu. Mdudu huyu hupenda tundu jembamba lililotulia, na udongo anaojaza humo hukauka ukawa mgumu. Wachunguzi wa ajali ya ndege ya abiria ya Birgenair, shirika la Uturuki, ya Februari 6, 1996, karibu na Puerto Plata katika Jamhuri ya Dominika, iliyoua watu 189, waliona kuwa huenda nyigu ndio walioziba mrija mmoja wa ndege hiyo. Seti haina kifuniko. Fundi cherehani akishone cha turubai na kukitia utepe mwekundu mrefu, ili rubani asiweze kuondoka nacho bila kukiona.

Kabla ya kufunga bati la mwisho, neli zote zipimwe kwa uvujaji. Mpira mwangavu wa maji uliokunjwa mfano wa herufi U na kuunganishwa na mrija unatosha: mwendo wa noti 100, yaani takriban kilomita 185 kwa saa, ni sawa na tofauti ya maji ya milimita 165 kati ya pande mbili za mpira. Maji yakisukumwa hadi hapo na kubaki palepale, viungo ni vizima. Usipulize kwa mdomo kwa nguvu, maana kipima mwendo ni chombo laini.

Kwa mwenye bawa ambalo bado liko wazi, ninaipendekeza seti hii bila kusita, mradi aagize pamoja nayo biti, skrubu za akiba na chombo cha nyuzi 37. Kwa mwenye bawa lililokwisha kufungwa, siipendekezi. Mkono hupita kwenye tundu la ukaguzi kwa taabu, chuma cha kukinga ribiti kwa nyuma hakikai sawa, na ribiti iliyopinda karibu na boriti ni kazi kubwa kuitoa bila kulitanua tundu lake. Huyo abaki na neli yake ya kukunja.