Uzoefu wangu na albamu ya kwanza ya CHVRCHES: hii ni ya kwenye sabufa

Usiisikilize kwa spika ya simu. Nasema mapema kwa sababu albamu hiyo, The Bones of What You Believe, imejengwa juu ya besi, na kwenye simu besi yote inapotea, unabaki na vinanda vinavyochoma masikio. Washa sabufa, au vaa hedifoni nzuri zinazofunika sikio lote, ndipo utajua kwa nini hawa watu wa Glasgow, Uskoti, walipokelewa vile mwaka 2013.

Kundi lenyewe ni watu watatu. Lauren Mayberry anaimba, Iain Cook na Martin Doherty wanashika sintesaiza, yaani vinanda vya umeme. Wanaume hao wawili walishapita kwenye bendi za magitaa, Mayberry yeye alisomea sheria kisha uandishi wa habari. Kabla albamu haijatoka tayari BBC ilikuwa imewaweka nafasi ya tano kwenye orodha yake ya wasanii wa kuangaliwa mwaka huo, na walishazunguka Ulaya wakifungua maonyesho ya Depeche Mode, bendi kongwe ya Uingereza. Mtu angetegemea baada ya hapo waitiwe maprodyuza wakubwa. Wapi! Walirekodi na kuitayarisha wenyewe kwenye studio ya Cook huko huko Glasgow, na Rich Costey akaja kuchanganya sauti mwishoni. Ukisikia ukubwa wa mlio wake, hilo halikuingii akilini.

Wimbo wa kwanza, The Mother We Share, unaanza na sauti ya Mayberry iliyokatwakatwa vipande vidogo. Huelewi anasema nini, na hutakiwi kuelewa, maana vipande hivyo vinapigwa kama ala. Kisha anaingia yeye mwenyewe, sauti kavu, haina madoido, lafudhi ya Uskoti wala haifichi. Hapo ndipo aliponipata. Waimbaji wengi wa muziki huu wa sintesaiza huzamishwa ndani ya mwangwi mpaka mtu hujui ni nani anaimba, ila huyu amewekwa mbele kabisa.

Halafu sikiliza maneno. Gun ina kiitikio kitamu cha kuchezea harusini, kumbe anamwahidi aliyemtenda kwamba atageuka bunduki na atamfuata yeye. Aliyekulia kwenye taarab hahitaji kufundishwa hapa, mpasho mkali huimbwa huku mtu anatabasamu. Lies na Recover nazo ni hivyo hivyo: mwili unacheza, maneno yanakung'ata.

Ila wimbo wangu ni Tether. Unaanza taratibu, mlio kama wa gitaa na sauti peke yake, unaweza kudhani ndio basi. Ukishavuka katikati, sintesaiza zinafunguka moja juu ya nyingine na ngoma inaingia. Mzee wangu wa nyumba ya pili, ambaye muziki wake ni dansi la zamani tu, aliuliza kupitia dirishani, "Mwanangu, hao ni akina nani?" Hakuwa analalamika.

Kasoro zipo. Doherty anaimba nyimbo mbili. Under the Tide inapita vizuri, lakini You Caught the Light inavuta zaidi ya dakika tano, polepole, na ndiyo wamefungia albamu. Baada ya moto wote ule! Mimi huwa nazima ikiisha By the Throat. Nusu ya pili pia milio ya ngoma inafanana mno. Science/Visions inaokoa kwa giza lake, inahema kama mtu anayekimbizwa, lakini Night Sky naisahau kila mara.

Kwa anayetaka kuipata, unapoitafuta mtandaoni andika V kwenye nafasi ya U ya neno la Kiingereza "churches" (makanisa). Waliandika hivyo makusudi wasichanganywe na makanisa ya kweli. Kuna toleo la kawaida la nyimbo 12, na lingine la kuadhimisha miaka kumi, lililotoka 2023, lenye rekodi za jukwaani na nyimbo ambazo hazikuwahi kutolewa. Mgeni achukue la kawaida, asimalize bando kwa ziada. Na kama bando ni la kuunga unga, pakua Tether, Gun na Lungs kwanza, hizo zingine zisubiri mwisho wa mwezi.